Somo: Gari dogo la turbo na mafuta ya bei ya juu

Wiki hii peke yake nimeulizwa swali hili mara tisa. Mara tano kwa simu, mara tatu gereji, na mara moja nikitoka swala ya Ijumaa pale Old Kampala, viatu bado viko mkononi. "Mzee, gari langu ni turbo. Niweke supa ya kawaida au yale ya ghali?" Naandika leo mara moja, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Nazungumzia magari madogo: Golf ya 1.4 TSI kama yangu, Polo, Juke ya turbo, C-HR ya 1.2, Raize. Kama gari lako halina turbo, mengi ya humu hayakuhusu.

Tuelewane kwanza juu ya neno okteni, maana ndipo watu wanapopotelea. Okteni si nguvu. Ni uvumilivu wa petroli: inakubali kubanwa na kupashwa joto kiasi gani kabla haijawaka yenyewe bila kungoja moto wa plagi uifikie. Ikijiwakia hivyo, ndiyo ule mlio ambao mafundi husema injini inagonga. Turbo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda, presha inapanda, joto linapanda, na petroli isiyovumilia inashindwa. Lakini lita moja ya okteni ya juu haina moto mwingi kuliko lita ya kawaida. Anayekuambia gari "litaruka" kwa sababu ya okteni peke yake anakuuzia kitu.

Hatua ya 1. Fungua kifuniko cha tangi, usome.

Gari la Ulaya litakuandikia RON, yaani kipimo cha okteni, 95 au 98. Gari la Japani likiwa na maandishi ハイオク, linataka haioku, yaani petroli ya okteni ya juu, ambayo kwa kiwango cha Japani huanzia 96. Regular yao, ile ya kawaida, huanzia 89. Raize ya turbo inakunywa regular, Juke ya turbo inataka haioku, na zote mbili ni turbo. Kwa hiyo kuniambia "langu ni turbo" hakujanipa jibu.

Hatua ya 2. Usichanganye namba za Marekani na zetu.

Video nyingi mnazotazama ni za Marekani, na kipimo chao ni kingine. 87 yao ni kama RON 91 au 92.

Hatua ya 3. Jua unalipia nini.

Mafuta huwa ghali kwa sababu mbili tofauti. Kuna yanayozidi kwa okteni, na kuna yanayozidi kwa dawa ya kusafisha iliyochanganywa ndani. Shell wana V-Power, Total wana Excellium, na wengine wana ya kwao. Usimwulize kijana wa pampu, yeye ameajiriwa kujaza. Mwulize meneja: supa yenu ni RON ngapi, na haya ya ghali ni ngapi? Cheti cha ubora cha mzigo huandika namba hiyo. Kama namba hazipishani, unalipia dawa tu.

Dawa yenyewe ina faida, lakini ina mpaka wake. Injini nyingi za turbo za siku hizi humwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Dawa itasafisha injekta, ila haitagusa masizi yaliyo nyuma ya vali za kuingizia hewa, kwa sababu petroli haipiti pale.

Hatua ya 4. Hakikisha injini ni nzima kabla hujalaumu mafuta. Plagi, koili, kichujio cha hewa, kipozeo, oili.

Hatua ya 5. Pima mwenyewe.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa langu lilimgharimu mtu mwingine, kwa hiyo nisomeni polepole. Mwaka 2021 nilibadilisha plagi Jumamosi. Jumapili nikajaza mafuta ya ghali, nikaenda Masaka. Gari likawa jepesi, mlima likaupanda bila kulalamika, na kioo cha dashibodi kikaonyesha kilomita nyingi kwa lita kuliko nilivyowahi kuona. Nikasema haya ndiyo mafuta. Nilikuwa nalinganisha barabara ya Masaka na wiki nzima ya foleni ya Jinja Road, tena kwa plagi mpya dhidi ya plagi zilizokwisha. Nililipa ile ziada miezi kumi na minne. Kibaya zaidi, nilimshauri shemeji yangu mwenye Raize, gari lisilohitaji kabisa, naye akanifuata kwa sababu ananiheshimu. Siku moja mafuta yaliniishia karibu na Lyantonde, kituo kilikuwa na supa tu, nikaenda Mbarara na kurudi. Hakuna kilichobadilika. Usiku ule nilifungua daftari la matengenezo, nikaona tarehe ya plagi na tarehe ya tangi la kwanza zimefuatana. Shemeji nilimpigia asubuhi yake kumwomba radhi.

Kwa hiyo: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Jaza kituo kilekile, pampu ileile, na pampu ikijikata mara ya kwanza acha hapo, usiongeze hata shilingi mia tano ili upate hesabu kamili. Andika kilomita za odometa na lita za risiti. Dashibodi usiiamini. Upepo wa matairi uwe uleule, njia iwe ileile. Tumia matangi manne ya supa, kisha manne ya ghali, na tangi la kwanza la kila aina usilihesabu, maana mafuta bado yamechanganyika na kompyuta ya gari bado inajirekebisha. Na tafadhali, usiendeshe mpaka tangi likauke eti upate hesabu safi. Pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli hiyohiyo. Ukiikausha mara kwa mara utainunua upya.

Hatua ya 6. Piga hesabu.

Tuseme supa ni shilingi 5,000 na ya ghali ni 5,600. Gari lako likienda kilomita 13 kwa lita ya supa, ni lazima liende 14.56 kwa lita ya ghali ndipo pesa yako irudi. Sijaona gari dogo lenye afya likiruka hivyo kwa kubadilisha mafuta tu.

Msimamo wangu: kama kifuniko kinadai okteni ambayo supa ya kituo chako haifiki, lipa, na usiite hiyo akiba, ni ulinzi wa injini. Kama kifuniko hakidai, nunua supa safi kwenye kituo chenye magari mengi, na ile ziada iweke kwenye oili nzuri.

MASWALI

Mwenye C-HR, Ntinda: Asante mzee. Kwa hiyo mimi niweke ipi?

Jibu: Hatua ya 1.

Mwenye C-HR, Ntinda: Kifuniko sijakifungua, niko ofisini. Wewe unajua tu, niambie.

Jibu: Gari liko nje ya ofisi yako, ssebo. Mimi niko Ndeeba.

Mwenye Vitz, Jinja: Vitz yangu ya 2003 nikiiweka ya ghali itakimbia?

Jibu: Hapana. Haina turbo, nimeandika juu kabisa.

Dereva wa abiria, Kabale: Mwalimu, huku wazee wanasema kwenye milima okteni ndogo inatosha kwa sababu hewa ni nyepesi. Ni kweli au ni hadithi?

Jibu: Swali zuri sana, na wazee wako hawakukosea, ila walikuwa wanaendesha magari ya zamani. Kampala iko mita kama 1,200 juu ya bahari, na Kabale inakaribia 2,000. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kama ilivyo. Hewa ikiwa nyepesi, presha ndani ya silinda inashuka, na injini haigongi kirahisi. Turbo inaharibu hesabu hiyo, kwa sababu kazi yake ni kusukuma hewa mpaka presha ambayo kompyuta inaitaka. Hewa ikiwa nyepesi, inazunguka kwa kasi zaidi kuifidia, na hewa inayotoka humo ni ya moto zaidi. Kwa hiyo usitegemee mlima ukupunguzie okteni. Na ukiwa kwenye kona za kwenda Kisoro, usikandamize mafuta ukiwa gia kubwa na injini inazunguka polepole. Shuka gia. Injini ndogo za turbo huumia hapo kuliko popote.

Dereva wa abiria, Kabale: Kuumia vipi?

Jibu: Mchanganyiko unawaka kabla ya plagi kutoa cheche, injini ikiwa chini ya mzigo mkubwa. Pigo moja baya linaweza kupasua pistoni. Na oili ina mkono wake hapo: matone ya oili yenye kalisi nyingi huchochea moto huo. Ndiyo maana viwango vya oili vya API SN Plus na SP vilitungwa. Tafuta SP kwenye kopo. Kwa injini yako, kopo hilo ni muhimu kuliko petroli ya ghali.

Fundi, Mbale: Mzee mwenzangu, kwa heshima, umesahau mafuta ya taa. Mimi injini zinazogonga ninazopokea huku, nyingi si okteni ya kituo, ni uchakachuaji.

Jibu: Ahsante sana, ndugu. Ni kweli, na ningelipaswa kulitangulizia hilo. Mafuta ya taa yana okteni ya chini mno, kiasi kidogo tu kinashusha tangi zima. Ndiyo sababu Wizara ya Nishati na UNBS, shirika letu la viwango, wanatia alama ya siri kwenye mafuta yanayoingia nchini na kupima vituo. Januari 2022, malori yalipokwama mpakani Malaba na Busia na lita ikapita shilingi 10,000 sehemu nyingine, kila chupa ya barabarani ilikuwa ya kuogopwa. Msinunue petroli ya chupa kwa gari la turbo.

Mwanachama, Wakiso: Haya yote ni ya kutisha watu. Mimi naweka supa kwenye Golf miaka mitano na haijagonga.

Jibu: Hujaisikia ikigonga. Golf ina kihisi cha kusikia injini ikigonga, kimefungwa kwenye bloku. Kikisikia, kompyuta inachelewesha cheche kabla sikio lako halijajua. Unalipa kwa kupoteza nguvu kidogo na mafuta kidogo. Sijasema injini yako itakufa, soma tena.

Dada wa Polo, Entebbe: Kaka, basi mimi nitajuaje kama kompyuta inachelewesha cheche? Kuna namna ya kuona?

Jibu: Ipo, dada yangu, na nimefurahi umeuliza. Nunua kile kisomaji kidogo cha bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, pakua programu ya kukisoma kwenye simu, chagua mstari wa muda wa cheche. Tafuta mlima mmoja, mimi hutumia wa Muyenga asubuhi sana. Panda kwa gia ileile, kasi ileile, injini ikiwa imepata moto kamili, na mwenzako ndiye ashike simu. Andika digrii. Baada ya matangi mawili ya aina nyingine, rudia. Digrii zikipanda waziwazi kwa mafuta ya ghali, injini yako ilikuwa inajizuia. Zikibaki palepale, haikuwa na shida.

Mwenye Raize, Mukono: Ni kweli nikijaza alfajiri napata lita nyingi zaidi?

Jibu: Petroli hutanuka kama sehemu moja kwa elfu kwa kila digrii. Kwa lita 40 ni mililita 40. Tena tangi la kituo liko ardhini, joto lake halibadiliki sana. Jaza muda wowote. Mimi huepuka tu pale lori likiwa linashusha mzigo, kwa sababu ya uchafu unaotibuka.

Mwenye Golf, Gulu: Vipi zile chupa za kuongeza okteni? Napewa mbili kwa bei ya moja.

Fundi, Mbale: Nijibu mimi. Nyingine zina madini ya chuma. Nimefungua plagi zimekuwa nyekundu kama tofali, cheche inakimbilia kwenye kutu badala ya kuruka. Mwachie anayeziuza.

Mwenye Juke, Kira: Mzee, nilifuata hatua ya 5 yote, imenichukua karibu miezi mitatu. Supa: kilomita 12.1 kwa lita. Ghali: 12.6. Nilifungua plagi pia. Tatu ziko kahawia, ya silinda ya tatu nyeupe kabisa.

Jibu: Umefanya kazi safi. Kwa bei za mfano wangu ungehitaji zaidi ya 13.5, kwa hiyo pesa hairudi. Ila yako inadai haioku, endelea na ya ghali. Hiyo plagi nyeupe ndiyo inayonisumbua. Silinda hiyo inaungua kwa joto kubwa kuliko wenzake, huenda injekta yake imeziba. Usiende nayo safari ndefu. Nipigie picha ya plagi zote nne kwa mpangilio, mchana, bila flashi, uitume leo.