Kufundisha Warumi 13 bila kuivunja jumuiya

Sura hii huwa naachiwa mimi. Mwinjilisti wetu ni mtu wa amani, na ratiba ikifika Warumi 13 ghafla anapata msiba Marangu. Basi anasimama mwalimu mstaafu wa somo la Uraia, aliyezoea kelele za kidato cha pili. Jumuiya yetu ya Kilutheri iko Soweto, hapa Moshi mjini. Tuna askari mstaafu, akina mama wanaouza mitumba soko la Memorial, vijana wa bodaboda na mzee mmoja aliyekuwa katibu tarafa. Waweke hao sebule moja, uwasomee "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu", halafu uone. Ninavyofanya ni hivi, chukua linalokufaa.

Usianzie sura ya 13. Mgawanyo wa sura uliwekwa karne ya 13, Paulo akiwa ameshalala zaidi ya miaka elfu moja. Anzia 12:14, usome mfululizo mpaka 13:10, na msomaji asivute pumzi pale sura inapobadilika. Mpe mwenye sauti. Watu watasikia wenyewe: wabarikini wanaowaudhi, msilipe ovu kwa ovu, msijilipize kisasi, adui akiwa na njaa mlishe, ndipo inakuja mamlaka, ndipo upanga, ndipo kodi, na baada yake msiwiwe kitu na mtu isipokuwa kupendana. Habari ya mamlaka imewekwa katikati ya watu waliokatazwa kujichukulia sheria mkononi. Serikali inashika upanga ili mimi na jirani yangu tusishikiane mapanga kwa sababu ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Aya ya 4 inamtaja mtawala kwa cheo chake: "mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema." Hapo simama kidogo, uwaulize mtumishi anapimwa kwa nini. Mzee wetu wa tarafa hucheka, kwa kuwa amejazishwa fomu za tathmini maisha yake yote.

Historia usiizidishe, dakika kumi zinatosha. Barua iliandikwa kama mwaka 57, Kaisari Nero akiwa ametawala tangu 54. Kabla yake Klaudio alikuwa amewafukuza Wayahudi Rumi, na Akila na Prisila walikuwa miongoni mwao (Matendo 18:2). Waliorudi walikuta mji unalalamikia watoza ushuru. Mateso ya Nero ya mwaka 64 yalikuwa hayajafika. Unaongea na kundi dogo, lisilo na mtetezi, ambalo vurugu moja ya kodi ingeweza kulimaliza. Hilo halifanyi sura iwe ya Rumi peke yake, ila linazuia mtu kuisoma kama tangazo la mkuu wa wilaya.

Kuhusu kodi, usiruke aya ya 6 na 7 kwa kuogopa wafanyabiashara. Nina dada zangu wanaosema "Amina" ya nguvu kwenye aya ya 1, halafu mteja akiomba risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, anaambiwa mashine ni mbovu. Semeni tu, mcheke, muendelee.

Sasa gawa watu makundi matatu, kila kundi na andiko lake. La kwanza ni Matendo 16, kuanzia 35. Paulo na Sila wamechapwa bakora hadharani pale Filipi, wakalala gerezani miguu ikiwa kwenye mkatale. Asubuhi mahakimu wanatuma watu: waachilieni. Mkristo mpole wa kwetu angeshukuru, akachukua viatu akaondoka. Paulo anakataa kutoka. Wametupiga bila hukumu, nasi ni raia wa Rumi, halafu watutoe kwa siri? Waje wenyewe. Na wakaja, wakawabembeleza. Huyu ndiye aliyeandika Warumi 13. Baadaye, mbele ya liwali Festo, alikata rufani kwa Kaisari (Matendo 25:11). Kwa hiyo atakayesema kwamba kudai haki yako kwa mujibu wa sheria ni uasi, mwombe akubaliane kwanza na Paulo. Kijana mmoja wa bodaboda aliniambia hajawahi kuisikia hadithi hiyo ikihubiriwa mpaka mwisho. Huwa inakatwa pale milango inapofunguka na askari wa gereza anapobatizwa.

Kundi la pili lipewe 1 Wafalme 21, shamba la Nabothi. Kwetu Uchagani hili halihitaji ufafanuzi. Mfalme Ahabu hakuja kunyang'anya; alikuja na ofa nzuri, shamba bora zaidi au fedha taslimu. Nabothi akasema urithi wa baba zake hautoki. Hapo wazee wote wanaitikia kwa vichwa, maana kwenye kihamba ndiko makaburi yaliko. Waonyeshe jinsi Yezebeli, mke wa Ahabu, alivyofanya: barua yenye muhuri, mfungo ukatangazwa, mashahidi wawili, baraza la wazee, hukumu, Nabothi akauawa. Kila kitu kwa utaratibu, na dini ikiwa imepamba juu. Kisha Eliya anakwenda kwa mfalme ana kwa ana, bila kukusanya jeshi.

Kundi la tatu ni 1 Petro 2:13-17, nalo lipitishe haraka. Angalia aya ya 17 inavyogawa: heshima kwa watu wote, heshima kwa mfalme pia, kicho ni kwa Mungu peke yake. Mwaka 1934, Wakristo wa Ujerumani waliokataa kanisa lao limezwe na Hitler waliweka aya hiyo hiyo kwenye tamko lao la Barmen. Sisi Walutheri tukumbuke kwamba Walutheri wengi walikuwa upande wa pili, wakiwa wameishika Warumi 13 mkononi.

Makundi yakirudi, mimi huuliza swali moja la nyumbani. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Kichaga, kule Old Moshi, pamoja na viongozi wengine. Asubuhi ile, mamlaka iliyo kuu ilikuwa ya nani, ya Mangi au ya bwana mkubwa wa Kijerumani? Usijibu wewe. Waache wabishane, ndipo utasikia nani anadhani Mungu huwa upande wa mwenye bunduki.

Mwisho wa somo weka Katiba mezani, nakala yenyewe. Ibara ya 3 inasema nchi yetu haina dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na kuweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kuna wanaosikia hapo kwamba serikali imemkataa Mungu. Waeleze kwamba imekataa kuwa mchungaji wao, na sheikh wa jirani yao pia. Wakati wa mjadala wa Mahakama ya Kadhi, ile ya Waislamu ya mambo ya ndoa na mirathi, Wakristo wengi tulipaza sauti kwamba serikali haina dini. Sawa. Basi tusirudi mlango wa nyuma kuomba mtendaji wa kata afunge vilabu vya mbege, pombe yetu ya ndizi, Jumapili asubuhi kwa sababu sisi tuko ibadani. Kipimo changu ni hicho: ombi lolote unalotaka kulipeleka serikalini kwa jina la Biblia, fikiri likiletwa na dini nyingine kwa kitabu chao, na wewe ndiye mchache. Ukiona linakukera, litafutie hoja inayoeleweka na raia yeyote, au liache.

Halafu wapo wanaosema kanisa lisiguse siasa kabisa. Waambie kwamba mwaka 2018 maaskofu Wakatoliki walitoa ujumbe wa Kwaresima na maaskofu wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri, wakatoa waraka wa Pasaka, zote zikigusa hali ya nchi. Hakuna aliyetaja chama cha kupigia kura.

Sheria za sebuleni ziwe chache. Fulana na kofia za chama zibaki nyumbani. Tajeni vyeo, msitaje majina. Anayenukuu mstari mmoja asome na mitano ya kabla yake. Mtu akianza na Ufunuo 13, yule mnyama wa baharini, mruhusu, ila asome pia Yeremia 29:7, ambako mateka wa Babeli wanaagizwa wautakie mema mji uliowateka. Na asirekodi mtu kwa simu. Maneno ya jumuiya yakikatwa vipande yakatupwa kwenye magrupu ya WhatsApp, wiki ijayo utafundisha viti.

Sala ifuate 1 Timotheo 2: waombeeni wenye mamlaka. Mpe aombe yule ambaye hakumchagua aliyeko madarakani. Ataanza kwa kusitasita, mpe muda. Kazi ya nyumbani ni 1 Samweli 8: kila mtu aandike orodha ya vitu ambavyo Samweli alisema mfalme atavichukua, aje nayo, na mwenye risiti zake za mwezi huu aje nazo pia.