Kumpima mzee lishe kabla ya upasuaji

Faili la mzee anayesubiri upasuaji huwa limejaa picha, vipimo vya moyo na majibu ya damu. Kinachokosekana mara nyingi ni uzito wake wa miezi sita iliyopita. Anzia hapo.

Hatua ya 1: Tafuta kilo zilizopotea. Mpandishe kwenye mizani, kisha muulize yeye na anayemuuguza alikuwa na kilo ngapi. Hawakumbuki? Angalia mkanda umeongezwa matundu mangapi, na kama meno ya bandia yanacheza mdomoni. Aliyetoka kilo 68 hadi 60 amepoteza 8, karibu 12%. Ukipita 10% ndani ya miezi 6, hatari ni kubwa. Jambo hili si geni: mwaka 1936 daktari Hiram Studley alionyesha kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliopungua zaidi ya 20% kabla ya upasuaji walikufa mmoja kati ya watatu, kwa wenzao vifo vilikuwa 3.5%.

Bonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Shimo likibaki, kuna maji, na mizani inakudanganya.

Hatua ya 2: Pima kigimbi. Zungusha futi ya kamba penye unene zaidi bila kubana ngozi. Chini ya sentimita 31, misuli imepungua. Usimruke mzee mwenye kitambi. Mafuta hufunika misuli iliyokwisha, na ni misuli hiyo ambayo mwili huibomoa baada ya upasuaji ili kupata protini ya kuziba kidonda na kutengeneza seli za kinga. Akiba isipokuwepo, nimonia na mshono kuachia haviko mbali.

Hatua ya 3: Soma damu. Zidisha albumini, yaani protini kuu ya damu (gramu kwa desilita), kwa 10, jumlisha limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu (kwa milimita moja ya ujazo), mara 0.005. Albumini 3.2 na limfosaiti 1,200 zinatoa 38. Onodera, daktari wa upasuaji wa Japani, mwaka 1984 alishauri kutokata na kuunga utumbo chini ya 40. Mimi siamui kwa namba hii peke yake, kwa sababu albumini hushuka hata kwa maambukizi tu.

Hatua ya 4: Mlishe. Hatari ikiwa kubwa, siku 7 hadi 14 za kumlisha kwanza zina faida, hata kwa wengi wenye saratani. Lenga gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo: mwenye kilo 60, gramu 72 hadi 90 kwa siku. Mwenye figo mbovu, daktari wake aamue. Aliyekaa siku nyingi bila kula aanze kidogo kidogo, apewe vitamini B1 kwanza, na madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu kwenye damu yafuatiliwe.

Hatua ya 5: Usimshindishe njaa. Kama tumbo lake linasaga kawaida, chakula kikome saa 6 kabla ya nusukaputi, maji matupu saa 2. Akizinduka, mrudishie meno yake mapema, na kabla sahani haijaondolewa andika alichobakiza.