Somo: Kushona mkoba wa kwendea kuogelea kwa kanga na nailoni

Mkoba wa pwani huanza kuoza chini. Taulo bichi hulalia hapo, maji ya chumvi hujikusanya kwenye mshono wa kitako, uzi wa pamba hulainika, na siku moja kitako kinafunguka njiani na vitu vyote vinamwagika. Ndiyo maana mkoba huu una bitana (kitambaa cha ndani) ya nailoni isiyo na mshono chini. Ukibadilisha mengine yote, hilo usilibadilishe.

Ukimaliza utapata mkoba wenye mdomo wa sm 45, kimo cha sm 38 hivi na kitako cha upana wa sm 12. Unabeba taulo mbili, nguo za kubadilisha na chupa ya maji.

Vifaa
- Kanga moja. Doti nzima (kanga mbili) kama unataka jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, pande zote mbili
- Marekani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) sm 60, upana usiopungua mita 1
- Kitambaa cha mwavuli (nailoni) mita 1, upana wa sm 150
- Mkanda wa nailoni wa upana wa sm 3, mita moja na nusu
- Uzi wa polyesta, si wa pamba
- Sindano namba 11 na namba 16
- Kifungo kikubwa cha plastiki au cha kifuu cha nazi. Zipu ya chuma iache dukani, chumvi itaitia kutu.

Vitambaa vyote hivi vinapatikana Darajani na Mchangani, mjini Zanzibar.

1. Fua kwanza. Kanga na marekani ni pamba na hurudi zikipata maji. Ukishona kabla ya kufua, marekani itarudi kivyake na kanga kivyake, na mkoba utajikunja. Fua, anika, piga pasi. Nailoni usiipige pasi, inayeyuka.

2. Kata kanga vipande viwili, kila kimoja upana sm 48 na kimo sm 50. Wengi hukata kipande kimoja kirefu na kukikunja chini ili waokoe mshono. Matokeo yake upande mmoja umesimama sawa na wa pili uko kichwa chini, na jina la kanga linasomeka miguu juu. Pima jina kabla ya kushika mkasi. Likizidi sm 42 halitaenea. Chukua mji (mchoro wa katikati) na pindo (ukingo wa kanga) tu. Jina lililokatwa katikati linaweza kubaki na maneno ambayo hukukusudia kuyabeba mbele za watu.

3. Kata marekani vipande viwili vya kipimo hicho hicho na uviweke nyuma ya kanga. Piga mshono mrefu kuzunguka, nusu sentimita kutoka ukingoni, ili tabaka mbili ziende kama moja. Kanga peke yake ni nyepesi, mikono ya mkoba itaichana.

4. Weka vipande viwili uso kwa uso, shona pande mbili na chini kwa sindano namba 16, ukiacha sm 1.5. Kisha tengeneza kitako: vuta kona moja mpaka mshono wa ubavu ulalie juu ya mshono wa chini, itoke pembe kama ya sambusa. Pima sm 6 kutoka ncha ya mshono, si ya kitambaa, chora mstari wa kukatisha. Mstari huo uwe na urefu wa sm 12. Ukipungua au ukizidi, mishono miwili haijalaliana sawa. Shona juu yake mara mbili. Fanya hivyo kona ya pili.

5. Bitana. Kata nailoni kipande kimoja, sm 48 kwa sm 89. Nailoni haina juu wala chini, kwa hiyo hapa kukunja ndiko kunakofaa. Usitumie pini: kwenye nailoni tundu la pini halizibi tena. Bana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Kama unataka mfuko wa ndani wa simu, ushone sasa, sehemu ya juu, sm 8 kutoka mdomoni. Kunja bitana katikati, shona mbavu mbili kwa sindano namba 11 ukiacha sm 1.7 ili bitana iwe ndogo kidogo kuliko mkoba. Tengeneza kona kama za mwanzo. Pembe zake usizikate. Zilaze tu chini.

6. Mdomo na mikono. Geuza mkoba uso wa kanga uwe nje, ingiza bitana ndani yake, mishono ya bitana ikitazama marekani. Kunja ukingo wa kanga sm 1, kisha sm 3, ufunike ukingo wa bitana. Kata mkanda vipande viwili vya sm 70, unguza ncha kwa kiberiti zisifumuke. Chomeka kila ncha chini ya kunjo, sm 12 kutoka mshono wa ubavu. Katikati ya upande wa nyuma chomeka kitanzi cha kifungo. Rudisha sindano namba 16, shona kunjo lote. Halafu inua mikono juu na kila ncha uipigie mraba wenye msalaba ndani. Mshono mmoja wa kukatisha hautoshi, taulo bichi ni nzito. Malizia kwa kifungo upande wa mbele.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Wete:* Fundi, cherehani yangu inaruka mishono kwenye nailoni na kitambaa kinajivuta.
*Jibu:* Dada, badilisha sindano kwanza. Iliyochakaa haipiti nailoni vizuri. Ikiendelea, weka karatasi nyembamba chini ya kitambaa, shona pamoja nayo, kisha ichane.

*Mwanachama, Jambiani:* Kanga nyekundu inachuja. Niiloweke kwenye chumvi?
*Jibu:* Chumvi haitaizuia. Ifue peke yake, ubadilishe maji mpaka yawe meupe. Ikikataa kabisa, chagua kanga nyingine, maana itapaka taulo.

*Mwanachama, Mkoani:* Sina cherehani. Kwa mkono utashika?
*Jibu:* Utashika ukishona kwa kurudi nyuma: sindano itokee mbele, irudi nusu hatua, iende tena. Uzi uwe mara mbili, na mikono uipitie mara tatu.

*Mwanachama, Bububu:* Nina watoto watatu. Nguo mbichi zinalowesha kila kitu, na bitana ipo!
*Jibu:* Pole, mama. Bitana inalinda mkoba, haitenganishi vitu. Shona mfuko wa nguo mbichi: nailoni iliyobaki kata sm 40 kwa sm 90, ikunje katikati, shona mbavu mbili tu na upinde mdomo. Tia nguo mbichi, viringisha mdomo mara tatu, bana kwa kibanio. Mfuko huo uuweke umesimama: matundu ya sindano yako mbavuni, ukiulaza maji yatapitia hapo.

*Mwanachama, Nungwi:* Mchanga unatokaje?
*Jibu:* Acha ukauke kwanza, mchanga mbichi unanata. Vuta bitana nje kwenye kona, kung'uta, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, anika kivulini ukiwa ndani nje.