Kulinganisha panzi na mche wa maharage, hatua kwa hatua

Zoezi lenyewe: linganisha mnyama na mmea kwa sifa za viumbe hai. Majibu mengi huja hivi: mnyama anavuta oksijeni, mmea unavuta kabonidayoksaidi. Mpwa wangu wa kidato cha kwanza alileta jibu hilohilo, tukakaa nalo mchana kutwa. Linachanganya upumuaji na usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga. Mmea unatumia oksijeni usiku na mchana, sawa na panzi.

Hatua ya 1: Viumbe. Panzi na maharage. Mende anafaa pia, ila atakutoroka. Usilinganishe "wanyama" kwa jumla, utaishia kuandika maneno matupu.

Hatua ya 2: Lishe. Panzi anakula jani. Mche unajitengenezea chakula kwa mwanga, maji na kabonidayoksaidi. Andika, songa mbele.

Hatua ya 3: Upumuaji. Hapa usiharakishe. Kiumbe kinachopumua hutoa kabonidayoksaidi, na hiyo ndiyo tunayoitafuta. Loweka maharage usiku kucha, kisha yaache kwenye pamba yenye unyevu mpaka yachipue. Tumia yanayochipua, si majani mabichi: jani likiwa kwenye mwanga hutumia kabonidayoksaidi ileile unayoitafuta, nawe utadhani halipumui. Ukilazimika kutumia majani, funika chupa kwa kitambaa cheusi.

Maji ya chokaa, yanayogeuka meupe yakikutana na kabonidayoksaidi, tengeneza mwenyewe. Chukua chokaa ya kupaka ukutani, kijiko cha chai kwa nusu lita ya maji. Chaki ya ubaoni haifai hata ukiisaga. Koroga, funika, acha mpaka kesho yake, kisha mimina taratibu yale maji maangavu ya juu. Linda macho, chokaa inaunguza. Usiyaache wazi, maana hewa ya chumbani peke yake huyatia utando mweupe. Yajaribu kwanza: pulizia kiasi kidogo kwa mrija (usivute!). Yasipogeuka meupe kama maziwa, chokaa yako imechoka, tafuta nyingine.

Sasa chupa nne za jemu zenye vifuniko, na ndani ya kila moja kikombe kidogo cha maji ya chokaa. Chupa za plastiki sizipendi, vifuniko vyake huvujisha hewa. Ya kwanza tia panzi kadhaa, ukiwatenga na kikombe kwa kipande cha chandarua. Ya pili maharage yanayochipua. Ya tatu maharage yaliyochemshwa yakapoa. Ya nne usitie kitu kingine. Bila hizo mbili za mwisho huna ushahidi. Angalia kila baada ya muda, siku hiyohiyo. Ukiiacha chupa ya tatu mpaka kesho, vijidudu vitaota juu ya maharage, navyo vinapumua, basi matokeo yameharibika. Panzi watoe mapema.

Hatua ya 4: Usafirishaji. Tumbukiza shina la mchicha kwenye maji yenye rangi nyekundu ya chakula. Kesho likate: utaona nukta nyekundu, ndiyo mirija inayopandisha maji. Kwa panzi, usiandike kwamba damu inabeba oksijeni. Hayo ni mazoea ya binadamu. Hewa yake huingia kwa matundu madogo ubavuni na kusambaa kwa mirija yake yenyewe; damu inasambaza chakula.

Hatua ya 5: Yaliyobaki. Takamwili: panzi hutoa taka zake zikiwa kavu, pamoja na kinyesi, mmea hurundika baadhi ya taka kwenye majani yanayopukutika. Ukuaji na uzazi unavijua. Mjongeo: usiandike kwamba mmea haujongei. Weka mche kwenye boksi lenye tundu upande mmoja; baada ya siku chache shina litakuwa limepinda kufuata mwanga. Panzi huhama mzima, mche husogeza sehemu tu.