Mlo wa mababu na migahawa ya Kigoma: mambo ya kuzingatia kabla hujatoka nyumbani

Watu wengi wanaofuata mlo wa mababu, yaani kuacha nafaka, maharage, sukari, maziwa na mafuta ya mbegu, wakiwaza kula nje wanaogopa ugali. Mi nakwambia ugali sio ishu, unaukataa na sahani inakuja bila ugali, basi. Ishu ni kikaango. Mgebuka, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, hana kosa lolote mpaka aingie kwenye yale mafuta ya kupima yaliyoanza kazi alfajiri na maandazi, baadae yakapitisha chipsi, na wewe unafika saa nane mchana yashakuwa na rangi ya chai ya rangi.

Kwa hiyo kabla ya yote piga simu, na upige asubuhi, maana mama ntilie wengi wakishatoka kununua samaki mwaloni Kibirizi wanakaanga wote kwa mpigo wasije wakaharibika, ukifika saa saba ukaomba wa kuchemsha utaambiwa wameisha hata kama kabati la kioo limejaa. Mi huwa nasema hivi, "Mama shikamoo, niwekee mgebuka mmoja pembeni usimkaange, nichemshie na nyanya na kitunguu, ndimu nakuja nayo." Atauliza kama una vidonda vya tumbo. We sema ndio tu, itakuokolea nusu saa ya maelezo. Alafu mwambie asitie vile viungo vya kwenye paketi, chumvi inatosha.

La pili utacheka, ila angalia mwezi. Dagaa na migebuka wanavuliwa usiku kwa taa, zikifika siku za mbalamwezi taa hazivuti samaki vizuri na boti nyingi zinalala, samaki anaadimika, bei inapanda na unayewekewa mezani anaweza kuwa ametoka kwenye friza au ni mkavu. Siku hizo mi napanga nyama choma, au supu asubuhi bila chapati (ulizia kama haijatiwa unga wa ngano ili iwe nzito, wapo wanaofanya hivo). Na usisahau kuna kipindi ziwa linafungwa kabisa kwa uvuvi, kama mwaka 2024 lilipofungwa miezi mitatu, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti.

Sasa kwenye wanga hapa Kigoma tumebarikiwa, maana ugali wetu wa asili ni wa muhogo na muhogo ni mzizi, sio nafaka, kwa hiyo wenye msimamo wa kati kama mi tunaula. Ila uliza kwanza kama ni muhogo mtupu, kwa sababu wengi wanachanganya na sembe. Hata bila kuuliza utaujua, ukimega muhogo mtupu unavutika na kunata vidoleni, uliochanganywa unakatika kirahisi. Najua kuna mtu atasema muhogo wenyewe uliletwa na Wareno kutoka Amerika Kusini, sasa mababu gani hao? Ni kweli, na mahindi nayo asili yake ni huko huko Amerika. Watafiti Eaton na Konner walipoandika kuhusu mlo wa watu wa zama za mawe mwaka 1985 kwenye jarida la New England Journal of Medicine sidhani kama walikuwa wanawaza mgahawa wa Mwanga hapa Kigoma, kwa hiyo tusikabane mashati, ukiona muhogo unakusumbua chukua ndizi za kuchemsha au kachumbari ya kutosha.

Sombe, yaani kisamvu, ndio mtego. Kwa macho ni majani na mawese tu, safi kabisa, kumbe ndani kuna karanga za kutwanga na karanga ni jamii ya maharage. Uliza kabla haijapakuliwa, ikishafika mezani utaona aibu kuirudisha.

Kwenye harusi kula nyumbani kwanza, huko huwezi kumpangia mpishi. Safari ya treni kwenda Tabora beba mayai ya kuchemsha. Na kama una kisukari na unatumia dawa au sindano, ongea na daktari wako kabla hujapunguza wanga, sukari inaweza kushuka ghafla.

Mwisho, beba mawese yako. Sio dharau, mwambie tu mama kwamba unapenda samaki wako aungwe na haya, wengi wanafurahi maana unawapunguzia gharama. Chukua yale mekundu, sio yaliyochemshwa mpaka yakapauka. Ila usiyatie kwenye chupa ya maji, mi nilifanya hivo asubuhi moja ya mwezi wa saba yakaganda shingoni, nikaikamua chupa mbele za watu mpaka kizibo kikaruka na shati jeupe likaishia hapo. Tafuta kopo la mdomo mpana uende na kijiko.