Kulala hosteli peke yako: beba kufuli na kanga

Hosteli nyingi za Nairobi, Moshi na Zanzibar zina kabati la kila mgeni, ila kufuli uje nalo. Chukua dogo lenye shingo nyembamba. Yale ya geti hayapiti kwenye tundu. Omba kitanda cha chini, mbali na mlango, hasa Moshi, maana wapanda Kilimanjaro huanza kufungasha mapema wakiwa na tochi kichwani. Kanga ukiichomeka chini ya godoro la juu inakuwa pazia. Nguo panga kwenye mifuko ya kitambaa: ya plastiki inapiga kelele usiku kucha, na Tanzania imeipiga marufuku tangu 2019, Kenya 2017. Simu usiiache ikichaji ukienda kuoga, hata kama wenzako wa chumbani ni wacheshi kiasi gani.