Kununua mtaa wa trela Marekani: anza na mabomba, bei baadaye

Mtu akikuletea habari ya mtaa wa trela, yaani nyumba za kuishi zinazoweza kuhamishwa, unaouzwa Ohio au Texas, jua kwanza kwamba kwa kawaida nyumba hazimo katika biashara. Trela ni mali ya mkaaji. Wewe unamkodisha kiwanja, unamfikishia maji na kumwondolea majitaka. Paa likivuja analiziba mwenyewe. Ndiyo maana wanadiaspora wengi waliochoka kupigiwa simu usiku na wapangaji wanaitamani biashara hii.

Shida huanza pale muuzaji anapomiliki pia baadhi ya trela. Tuseme mtaa una viwanja 50, 40 vina watu, na kodi ya kiwanja ni dola 350 kwa mwezi. Trela 15 ni za muuzaji, anazipangisha kwa dola 850, nyumba na kiwanja pamoja. Atakuonyesha mapato ya dola 258,000 kwa mwaka, atoe gharama 40%, agawanye kwa kiwango cha faida cha 8% (yaani faida ya mwaka ikilinganishwa na bei), na kukutajia bei ya dola 1,935,000. Usikubali. Trela inachakaa mwaka hadi mwaka, na mapato yake hayathaminiwi kama mapato ya ardhi. Piga viwanja 40 kwa dola 350 kwa miezi 12: dola 168,000. Toa 40%, zinabaki 100,800. Gawanya kwa 8%, unapata 1,260,000. Zile trela 15 zithamini pembeni kama mali kuukuu. Hata ukimhesabia dola 10,000 kila moja, bado amekuzidishia zaidi ya nusu milioni. Na viwanja 10 vilivyo wazi usivilipie chochote. Kuleta trela mpya na kuiunganisha ni makumi ya maelfu ya dola, tena viwanja vingi vya zamani ni vidogo, trela za kisasa hazienei.

Angalia na umri wa trela zilizopo. Zilizotengenezwa kabla ya 15 Juni 1976, siku vilipoanza kutumika viwango vya kitaifa vya HUD, wizara ya makazi ya Marekani, zinasumbua kwenye bima na mikopo, na miji mingi haitakuruhusu kuingiza nyingine ya aina hiyo.

Sasa mabomba, na hapa usifanye haraka. Mtaa uliounganishwa na maji na majitaka ya mji ndio ningemshauri mnunuzi wa mara ya kwanza. Kama ni kisima, fahamu kwamba kikihudumia nyumba 15 au watu 25 wanaokaa hapo mwaka mzima, sheria ya shirikisho inakuhesabu kama mtoa maji ya umma, na kupima maji kunakuwa wajibu wako wa kudumu. Kama majitaka yanakwenda kwenye matangi ya chini au bwawa la wazi, gharama ya kubadilisha mfumo inaweza kumeza faida ya miaka. Lipa fundi apitishe kamera kwenye bomba kuu, kutoka kiwanja cha mwisho mpaka barabarani. Mabomba ya udongo huingiwa na mizizi ya miti. Yale yaitwayo Orangeburg, yaliyotengenezwa kwa nyuzi za mbao na lami, hubonyea hadi njia ikaziba. Muuzaji akikataa kamera isipite, ondoka.

Orodha ya wapangaji anayokupa ilinganishe na taarifa za benki za miezi 12 na ritani za kodi alizopeleka serikalini. Nenda mwenyewe ofisi ya mipango ya jiji au kaunti ukapate barua inayothibitisha kwamba mtaa unaruhusiwa kisheria na kwa viwanja vingapi. Uliza pia kodi ya ardhi itapanda kiasi gani baada ya mauzo, kwa sababu sehemu nyingi huthamini upya kwa bei uliyonunulia.

Kuna watu wanaofundisha kwamba siri ya biashara hii ni kupandisha kodi ya kiwanja siku ya pili, kwa vile mkaaji hana pa kwenda. Ni kweli kwamba kuhamisha trela hugharimu maelfu ya dola, na miongoni mwa wanaokaa humo wamo wazee na wahamiaji kama sisi. Mimi napinga njia hiyo waziwazi, na sheria nazo zinabana: New York iliweka kikomo cha 3% kwa mwaka tangu 2019, ikiruhusu hadi 6% kwa sababu maalumu, na jimbo la Washington likaweka 5% mwaka 2025. Colorado inawapa wakaaji nafasi ya kutoa ofa ya kununua mtaa wao unapouzwa. Kama hesabu yako haisimami bila kuwakamua, bei ni kubwa mno.

Mkichanga kama chama, jihadharini. Tangu kesi ya Howey ya 1946, iliyohusu mashamba ya machungwa huko Florida, mtu akiweka fedha katika mradi wa pamoja akitegemea faida kutokana na jasho la mwingine, huo ni uwekezaji unaosimamiwa na sheria za SEC, tume ya Marekani inayosimamia hisa na dhamana. Mwanachama anayetuma mchango tu na kungoja gawio anaingia humo. Wakili wa mambo hayo aandike mkataba kabla ya fedha kukusanywa: nani anasimamia, kura zinapigwaje, na anayetaka kurudi Kisumu au Mwanza analipwa lini na kwa hesabu ipi.